Mkanda wa Bado Kidogo

Mume wangu ni refa wa mechi za mtaani, na mtaa mzima unamwita Bado Kidogo. Jina alilipata siku mkanda wa ngozi wa saa yake ulipokatika kipindi cha pili. Saa ikaanguka kwenye tope, kitufe chake cha pembeni cha kurekebishia mishale kikavutika nje, mishale ikasimama. Yeye akaipangusa, akaitia mfukoni, akawa anaichungulia tu. Wachezaji wakilia, "Refa, muda!" anajibu, "Bado kidogo!" Wakacheza mpaka golikipa mmoja akaketi chini kwa hiari yake.

Chama cha marefa kikamwandikia barua: atapimwa kwa mechi moja, Jumamosi, mbele ya mkaguzi. Akiboronga, anarudisha filimbi. Sasa mzee huyu bila filimbi ningemweka wapi? Angekuja kuchezesha jikoni kwangu.

Nikamwambia avae mkanda wa nailoni, kama wa wanajeshi. Kaka yangu alipostaafu jeshi aliniachia begi lake, na mikanda ya begi lile ina nguvu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

"Kamba ya begi mkononi mwangu?" akasema. "Mama, mimi ni refa au mzigo?"

"Mzigo. Nimekubeba miaka thelathini na nane, nimeshazoea."

"Ngozi ni heshima."

"Heshima ilianguka kwenye tope, baba. Tuliiona wote."

Akanuna, akaenda kutafuta mkanda mwingine wa ngozi, mweusi, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mimi nikanyamaza. Wanaonijua, nikinyamaza huanza kuhesabu vitu vyao.

Ijumaa mchana alipojilaza, nikaketi kwenye cherehani yangu ninayoshonea sare za shule. Nikakata nailoni, nikashona bizimu upande mmoja, nikapasha msumari moto na kutoboa matundu, kingo zikayeyuka na kujiziba zisichanike. Ila kipimo nilikosea. Nilipima mkono wangu mwenyewe, na mkono wangu umekula vizuri kuliko wake. Ncha ikabaki ndefu, nikaikunja na kuichomeka chini ya kitanzi. Kumbe wanajeshi nao huvaa hivyo hivyo! Kosa langu likawa mtindo.

Uzuri wa mkanda huo ni kwamba ni kipande kimoja. Unapita kwenye pini ya kwanza, kile kijichuma kinachoshika mkanda kwenye saa, unalala chini ya mgongo wa saa, unatokea kwenye pini ya pili. Ule wa ngozi niliufukia ndani ya kopo la vifungo.

Jumamosi akapekua nyumba nzima.

"Mkanda wangu uko wapi?"

"Si huo hapo kwenye saa?"

Akanitazama. Muda ulikuwa umemtupa mkono. "Nikirudi tutaongea."

"Rudi na filimbi kwanza."

Nilikaa nyuma ya goli. Kila kipindi kikianza ana kawaida yake: hurudisha mishale yote kwenye namba kumi na mbili, ili dakika azisome bila kupiga hesabu. Kipindi cha pili, mechi ikielekea ukingoni, beki mmoja mpana kama kabati akamgonga. Pini moja ya saa ikaruka. Mashabiki wakaanza, "Bado kidogo! Bado kidogo!" Nikafumba jicho moja. Lile lingine halikukubali.

Mkanda ulikuwa bado mkononi, saa inaning'inia kwa pini iliyobaki kama popo, na mishale inakwenda. Akaibana kwa kiganja, akaendelea kukimbia, akapuliza filimbi ya mwisho. Mkaguzi, mama wa miwani, akatazama saa yake, akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Kisha akamshika mzee mkono. "Refa, filimbi baki nayo. Na huu mkanda umeupata wapi?"

"Niliufikiria mwenyewe," akajibu mume wangu, nami nimesimama hatua tatu nyuma yake!

Tukarudi nyumbani. Aliuvua, akaufua kwa sabuni, akauanika kambani katikati ya soksi zake. Halafu akazunguka zunguka pale kwenye cherehani.

"Mama… lile begi lina mkanda mwingine?"

"Wa nani?"

"Mkaguzi anautaka. Na mimi nina mechi tena Jumamosi ijayo, nikawaza, labda na wa kubadilisha."

"Si uliufikiria mwenyewe?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi nishonee, mke wangu. Lini utakuwa tayari?"

Nikatia uzi kwenye sindano, taratibu sana.

"Bado kidogo," nikamwambia.