Kofia ya Régis

"...sivui kofia, Mama, usinibembeleze, simvulii kofia mtu aliyeiua klabu," ndivyo alivyoniambia Régis asubuhi hii jikoni kwangu, mkate mdomoni, bakuli la kahawa ya chikori mkononi, mwanangu wa kwanza, miaka sitini kasoro miwili, anamsema mdogo wake tuliyemzika Ijumaa kana kwamba anamsema mbwa wa jirani, nikamwambia Régis, ni dakika moja tu ya kumkumbuka, akasema hata nusu yake, na kweli, si yule pale, kila mtu amevua, refa ameshapiga filimbi ya kwanza na amesimama kwenye duara la kati anaangalia majani, vijana wameshikana mabega na zile jezi zao za zambarau, mvua inadondoka juu ya vipara vya wazee wote wa Hérimont, na yeye kule kwenye kibendera cha kona, mwisho kabisa wa bomba la kuegemea linalozunguka uwanja, kofia iko kichwani kama imepigiliwa misumari... dakika moja kwa ajili ya Ghislain wangu, filimbi ikilia tena basi, watacheza mpira wao, imekwisha, haiji nyingine, mtu hafi mara mbili akapewa dakika mbili... "Mbona Régis kavaa kofia?" huyo ni Raymonde, yuko kulia kwangu, anaegemea bomba hili hapo hapo tangu waume zetu wako hai, maana hapa kila mtu ana mahali pake kwenye bomba, ukisimama pa mtu unaondolewa kwa kiwiko, namwambia nyamaza Raymonde, "Nimenyamaza, nauliza tu," haya, nyamaza bila kuuliza... na hii mistari, jamani, nani kachora hii mistari, mlevi gani, inakwenda kama nyoka, ona ule wa pembeni, na chini yake mvua inaufichua mstari wa Ghislain, wa wiki iliyopita, mwembamba, umenyooka, uko chini ya ule mwingine kama mtu aliyefunikwa shuka nyepesi, miaka kumi na tisa kila Jumamosi asubuhi alikuja na kitoroli chake cha chokaa akawachorea uwanja watu wasiomsalimia, akimaliza anakwenda zake kabla baa ya klabu haijafunguliwa, hakuingia humo hata mara moja, na sasa namwona, sitaki kumwona lakini namwona, anasukuma kile kitoroli kuelekea kwenye goli la upande wa kiwanda cha sukari, hageuki, Ghislain geuka, hageuki... Aliyeiua klabu, eti. Ile Jumapili miaka ishirini na mbili iliyopita, mechi ya mwisho, tulihitaji sare tu tusishuke daraja, Bracourt wakaja na basi lao na ngoma zao, na kadi za wachezaji hazipo, mfuko mzima, kadi kumi na tatu zenye picha, na kapteni wao akakunja mikono, "Hakuna kadi, hakuna mpira, babu zangu, rudini mkalime," refa akangoja robo saa akawapa pointi za mezani, tukashuka, mwaka uliofuata hatukuwa na watu wa kutimiza timu, tukaunganishwa na hao hao Bracourt, buluu yetu na nyekundu yao vikatiwa sufuria moja ikatoka hii zambarau, ukiwaona utadhani maaskofu wanacheza mpira, na Fernand, baba yao, aliyekuwa rais wa klabu, hakukanyaga tena uwanjani mpaka alipokufa, na kadi nani alikuwa anazitunza, Ghislain, yeye ndiye katibu, mtu mmoja pale kwenye baa akasema Ghislain kapoteza kadi, akamwambia wa pembeni yake, naye wa pembeni yake, neno likatembea kwenye bomba mtu kwa mtu, likapita nyuma ya goli, likapita upande wa mashamba, na kabla chipsi zangu hazijapoa lilikuwa limezunguka uwanja mzima limenifikia mimi, "Solange, pole, mwanao kalewa kapoteza kadi," ulevi umeshaongezwa njiani, na mimi nikasema... sikusema. Nilikula chipsi. Nilizimaliza zote. "Dakika gani hii ndefu hivi," Raymonde huyo tena... Kadi nilizifua mimi. Jumamosi yake mchana, koti la trakisuti la Ghislain lilikuwa juu ya rundo la jezi, matope mpaka kwenye kola, miaka mingapi nafua jezi za klabu na sikuwahi kusahau kupekua mfuko, siku ile Fernand alikuwa ananipigia kelele za soksi, soksi mbili hazionekani, mwanamke huyu atatuvalisha nini, nikajaza mashine nikabana mlango, nikakaa kwenye kigoda kuitazama inavyozunguka kama ninavyopenda, povu, buluu, povu, buluu, mara uso. Uso mdogo wa mtu umejibandika kwenye kioo unanitazama. Ukaenda. Ukaja mwingine. Maji yalipokwisha kadi zimekuwa uji, nikazikusanya na kijiko nikazitia kwenye jiko la makaa, uso mmoja tu ulibaki kwenye kioo, haukutaka kutoka, nikaubandua kwa ukucha, wa Ghislain, maana naye alikuwa na kadi, kipa wa akiba... nikajiambia watapewa nyingine Jumatatu, mimi najuaje sheria zao, herufi sizijui, najua namba tu, mpaka kumi na tatu, zile za migongoni, halafu asubuhi Fernand anapekua makabati, "Nani kaziona kadi? Nani?" sauti ile iliyokuwa inatikisa vikombe, na Régis nyuma yake mwekundu kama nyanya, na mimi nikawaza wataninyang'anya jezi, watampa Raymonde azifue, na bila jezi mimi ni nani hapa, bibi wa kuuza kahawa tu... Ghislain akaja karibu, taratibu, "Mama, lile koti langu ulilifua?" nikasema sijalifua. Nikasema sijalifua na koti liko nyuma yangu dirishani, kwenye kamba, linachuruzika maji. Akaliangalia. Akaniangalia. Akamgeukia baba yake, akasema, "Basi nimezipoteza mimi." Hivyo tu, kama mtu anayesema basi nafunga dirisha. Hakulitaja tena mpaka kufa, kila Jumanne alikuja kula supu, ananiletea nguo zake nimfulie, na mifuko ameigeuza nje yote, suruali, koti la kiwandani, shati, imening'inia kama masikio, miaka ishirini na mbili, neno hakuna, mifuko nje, na Jumatano iliyopita hospitali wakanipa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, nikazitandaza mezani na mifuko yote iko nje, labda ni muuguzi aliyeigeuza, ni muuguzi, wanatafuta funguo za mtu, au alijua, mchana ule anapalia nyasi za kaburi la baba yake kifua kinambana akajua nguo hizi zitakuja kwangu... mimi ninayekumbuka ugomvi wote wa ukoo huu, nani alimnyima nani shamba, nani hakualikwa kwenye kipaimara cha nani, watu wanakuja kuniuliza, Solange ilikuwaje, nawaambia mpaka rangi ya kitambaa cha meza, na huu mmoja nimewaachia waupokee hivyo hivyo, umepotoka, kama huo mstari wa chokaa... iko humu, kwenye glavu yangu, naigusa kwa kidole, ile picha, maji yamekula mdomo na shingo, yamebakiza macho, Ijumaa nilikwenda nayo nikidhani nitaitia kaburini na mkono ukagoma, refa amekunja mkono wa shati, anaangalia saa, na Régis kule na kofia yake, akimaliza dakika hii nayo kichwani atazeeka nayo hivyo, hataweza kuivua tena hata akitaka, namjua, nimemzaa, na mimi siwezi kufika kule, magoti haya, kelele nayo siwezi, sasa neno litafikaje, kwa njia gani... Raymonde. "Si umesema ninyamaze?" Raymonde, kadi nilizifua mimi. "Kadi gani?" Zile. Kwenye koti. Ghislain alijua, alinibebea. "Mungu wangu, Solange." Usinitazame mimi, mtazame wa kulia kwako, shika hii picha, mpe, mwambie, naye amwambie wa kulia kwake, mtu kwa mtu, kama mlivyofanya siku ile, nyuma ya goli, upande wa mashamba, mpaka kwenye kibendera cha kona, ila safari hii msiongeze kitu, mseme mama yake ndiye kasema, haya, Raymonde, fanya upesi, refa ameinua filimbi, peleka.