Nukta Isiyo na Mstari

Mdogo wangu Monica alipojifungua mtoto aliyekufa, kuna watu walifurahi, nao ni watafiti. Sisemi walicheka. Tekla, yule dada wao wa sosholojia, alinipigia simu ya pole, na pole yenyewe ilikuwa nzuri tu, mpaka akashindwa kujizuia: “Lakini kiutafiti, dada Marieta, hii ni nafasi adimu sana.”

Nafasi aliyoisema ilikuwa hii. Kwetu Wairaqw, mwanamke aliyepoteza mtoto namna hiyo anaingia metimani. Anakaa kando. Haendi kisimani, sokoni wala kanisani, hapeani mkono na mtu, hali chombo kimoja na mtu, mpaka wazee waseme imetosha. Wanasema kifo kimemgusa na kinaweza kuhamia kwa wengine, watu hata ng'ombe. Padri amelihubiri jambo hilo mpaka sauti imemkauka. Jumapili tunamwitikia amina, Jumatatu tukifika karibu na nyumba ya namna hiyo tunapandisha kwa juu, tunapita shambani.

Mimi nimeolewa Masakta, kule Hanang. Monica aliolewa Tlawi, Mbulu, na mumewe Tito yuko machimboni Mirerani, anapatikana akipenda. Siku watafiti wanagawa vile vifaa vyao nilikuwepo Tlawi, nimekwenda kumwona Monica na tumbo lake. Walikuwa watatu kutoka chuo kikuu, na wote wanachunguza kitu kimoja, jinsi watu wanavyotembea na kukutana, ila kila mmoja kwa somo lake. Mkuu wao, Alex, ni mtu wa magonjwa. Anataka kujua mafua yanafuata njia gani kutoka nyumba hadi nyumba. Tekla anachunguza nani anamtembelea nani na nani hasemi na nani. Yohanes ni wa kompyuta na ramani. Yeye mtu hamwoni, anaona nukta. Wawili wakikaribiana, anachora mstari kati yao.

Kifaa chenyewe kilikuwa kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, cha kuvaa shingoni, chenye laini ya simu ndani. Monica alikivaa akacheka, akasema sasa hata akienda kuchuma mboga serikali inajua. Alex akatutajia namba yake mbele ya watu wote, akasema tupige kwa swali lolote.

Basi, mtoto akafa, na Monica akahamia kibanda cha nyuma. Mama mkwe wake, Agatha, alikuwa akimwekea chakula kwenye jiwe karibu na uzio, anaita, anaondoka. Mimi nilikuwa nazungumza naye kwa simu. Mwanzoni alilia tu. Halafu akaanza kusema habari nyingine.

“Dada, tumbo linawaka. Nikisimama naona giza.”

“Nenda zahanati.”

“Nitapita wapi? Njia ya zahanati inapita kisimani.”

“Pita hapo hapo! Watafanya nini?”

Tangu utotoni Monica hakuwa mtu wa kubishana na watu, na hilo mimi lilikuwa likinikera. Kesho yake nilipompigia, simu ilikuwa haipatikani. Simu anachajisha dukani, na dukani haruhusiwi kufika.

Nilimpigia Agatha. Alisema, “Anakula, mwanangu. Kila jioni nakuta bakuli tupu.” Nikamwomba aingie amwone kwa macho. Akasema atamwita kutoka kwenye uzio.

Nilimwambia mume wangu, Marko, kwamba nakwenda Tlawi. Marko si mtu mbaya, lakini alisimama mlangoni. “Ukiingia kule utarudi na kifo hapa. Tuna ng'ombe, tuna watoto.” Tuligombana mpaka majirani wakapunguza redio zao wasikie vizuri.

Ndipo nilipokumbuka kile kidude. Nilijiona nina akili kweli. Kuna mashine shingoni mwa mdogo wangu inayosema kama anatembea, na namba ya mwenye mashine ninayo.

“Shikamoo, mama,” Alex alisema. Hawa vijana adabu hawakosi.

“Marahaba. Nataka jambo moja tu. Niangalizie kama Monica anatembea.”

Akasema taarifa za mshiriki ni siri, maadili hayamruhusu. Nikalia. Sikulia kwa hila, nililia kweli. Akalegea kidogo. Alisema yeye upande wake ni magonjwa ya kuambukiza, na kwa upande huo Monica yuko salama sana, kwa sababu hajakaribiana na mtu yeyote. Hayo mengine nimuulize Tekla.

Tekla alinisikiliza kwa upole. Alisema kutotembea kwa mwanamke aliye metimani ni jambo la kutegemewa, ndiyo namna yake ya kuomboleza, na watu wa nje tunapaswa kuiheshimu.

“Mimi si mtu wa nje, ni dada yake. Nakwambia tumbo.”

“Tumbo hilo ni la Alex, dada,” akasema. “Mimi siko huko.”

Nikamwomba namba ya Yohanes, nikampata. Huyu hakuzunguka. Nilisikia akibonyeza-bonyeza.

“Kifaa hicho hakijasogea tangu Jumanne,” alisema.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Maana yake amekivua. Wanavivua sana, wanavitundika ukutani. Mtu aliyelala anajigeuza, mama, mashine inaona. Hiki kimetulia kabisa, kwa hiyo hakipo mwilini. Usiwe na wasiwasi.”

Nilimshukuru. Nilimwombea na baraka. Nikakiona kabisa kile kidude kinaning'inia kwenye msumari, na Monica pembeni ananywa uji. Siku hiyo nilipika ugali nikala nikashiba, na nilikuwa sijashiba tangu simu yake izimike.

Kesho yake kabla ya saa sita Agatha alipiga. Alikuwa anahema.

“Marieta, leo sikuondoka haraka. Nimesimama kidogo. Mbwa wa jirani Margwe ndiye anayekula chakula.”

“Umeingia?”

“Nimeita.”

“Mama, umeingia?”

“Nina wajukuu wengine, Marieta,” alisema, akaanza kulia.

Marko alipoona ninavyofunga kanga hakusimama tena mlangoni. Nilishika gari la Katesh, nikaunganisha Babati, nikaunganisha Mbulu, na kila gari lilikuwa linasubiri abiria utadhani dunia nzima iko likizo. Bodaboda wa Tlawi alinishusha mbali na nyumba. Aliposikia naelekea wapi alisema njia ina utelezi. Njia ilikuwa kavu. Watu walisimama mashambani, majembe mkononi, wananitazama nikishuka. Niliwaamkia wazee kwa sauti, shikamooni, na waliitikia wakiwa kule kule.

Monica alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja, uso kwenye ukuta. Alikuwa amekufa zamani. Kifaa kilikuwa shingoni, na alikuwa amekishika mkononi, sijui kwa nini. Labda alikuwa anajua kuna mtu upande wa pili anayekitazama. Wazo hilo bado linaniua.

Nilimwosha peke yangu. Agatha alisimama kwenye uzio, ananirushia kitambaa, ananirushia sabuni, analia. Sikumchukia. Nilitaka, sikuweza. Katekista alileta vijana wawili wakachimba, sala ikasomwa upesi, na watu wakaenda zao bila kunishika mkono. Marko akapiga simu akasema nisirudi kwanza mpaka nitakaswe, wazee wa Masakta wamekaa. Kwa hiyo nikabaki kwenye kibanda kile kile, na Agatha akawa ananiwekea chakula kwenye jiwe. Zamu yangu ilikuwa imefika.

Watafiti waliporudi kutoa majibu nilikwenda, hakuna aliyethubutu kunizuia. Walikusanya watu darasani. Benchi nililokaa lilibaki na mimi tu. Yohanes aliwasha projekta, Tlawi yote ikatokea ukutani, nukta na mistari. Alisema hakuna majina. Majina ya nini! Watu walijitambua pale pale. Mzee Nikolausi alionekana anakwenda kila jioni kwa mama anayepika pombe, na darasa lilicheka mpaka likapiga meza. Ni kicheko kizuri, watu wa kwetu wanajua kucheka. Mimi nilikuwa natafuta kibanda cha nyuma kwa Agatha. Palikuwa peupe.

Nilinyoosha mkono. “Hapo chini ya nyumba hiyo mbona hakuna nukta?”

Yohanes hakuikumbuka sura yangu. Alitazama kompyuta yake. “Hapo palikuwa na kifaa kilichoacha kusogea. Vya namna hiyo tuliviondoa, mama, visituharibie hesabu.”

Alex alimgusa bega akamnong'oneza, na yule kijana akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Alifunga kompyuta, projekta ikabaki inamulika ukuta mtupu.

Watu walipotoka, Alex na Tekla walinifuata. Walisimama hatua kadhaa mbele yangu. Tekla alikuwa amemfundisha mwenzake desturi. Alex alisema pole. Alisema limewaumiza sana kama timu, na nilimwamini, macho yake yalikuwa mekundu. Halafu akakohoa.

Alisema kuna awamu ya pili. Katika kijiji kizima sasa hawana mshiriki hata mmoja aliye metimani, na bila mtu huyo picha haikamiliki. Kama nitakuwa tayari, kwa hiari yangu kabisa. Aliweka kidude cheusi mwisho wa benchi, akarudi nyuma.

Nilikitazama. Nikamuuliza, “Siku nikiacha kusogea, nani atakuja?”

Tekla aliinamisha kichwa.

“Hilo ni swali zuri sana, mama,” Alex alisema, akatoa kalamu, akaliandika.