Mzee Mashimba Abanwa na Mashine Yake

Mwaka tisini na nne, biashara huria ilipokwisha kuchangamka, Mzee Mashimba aliachana na pamba akafungua kiwanda kidogo cha minofu ya sangara ufukweni, kusini mwa Mwanza. Fundi wake wa umeme alikuwa Justa, mwanamke wa maneno machache.

Wiki moja Justa alifunga mkono wa umeme: mota, skrubu ndefu, na mbele yake bamba la chuma pana kama meza. Kazi yake kusukuma maboksi ya minofu na kuyabana ukutani, yatulie yafungwe mikanda. Justa alipima nguvu yake kwa uangalifu, ili bamba likigusa kitu kikakaza, lisimame lenyewe lisiponde samaki. Asubuhi alilijaribu mara tano, likatii.

Saa nne mgao ukakata umeme, wakawasha jenereta. Wanunuzi wawili wa Kizungu walikuwa njiani, na Mzee Mashimba akataka kufanya mazoezi ya kuwaonesha mashine.

"Mzee, kwa jenereta sijaijaribu," Justa alisema.

"Umeme ni umeme, binti."

Akasimama kati ya bamba na ukuta, tumbo mbele, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma kilichokuwa ukutani kando yake. Bamba likaja mbele.

"Nimesema rudi!" akalifokea, akabonyeza tena.

Justa alielewa palepale. Nyaya za jenereta zilikuwa zimepishana, mota inazunguka kinyume. "Toka, Mzee! Toka!"

Lilikuja polepole kiasi kwamba angeweza kutoka, akanywa chai, akarudi. Lakini Mzee Mashimba hakuwa mtu wa kukimbia kitu alichokinunua mwenyewe. Alibaki akiligombeza mpaka likamgusa tumboni, likamkandamiza ukutani taratibu, likasimama. Kabla Justa hajafikia vitufe, jenereta likakohoa likazima. Dizeli ilikuwa imekwisha, na ya akiba haikuwepo.

"Unaumia, Mzee?"

"Siumii. Siondoki tu."

Justa alilivuta bamba, akalisukuma kwa bega. Wapi! Skrubu ile haikurudi ila kwa mota au kwa hendeli ya mkono.

"Hendeli iko wapi?"

"Stoo. Nimeifungia isiibiwe."

"Na ufunguo?"

Mzee akatazama chini, kwenye suruali yake. "Mfuko wa kulia."

Justa alijitazama mkono, akautazama mfuko, akaona bora aache kazi. Msimamizi Masalu naye alikumbuka ghafla kwamba barafu inayeyuka huko nje. Ikabidi aitwe mke wa Mzee, Mama Evelina, kutoka Butimba.

Wageni wakatangulia kufika. Mzee Mashimba akawapa mkono kwa heshima zote bila kusogea hata inchi, akajibu maswali yao juu ya samaki, akaagiza waletewe soda. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini amesimama pale.

"Nakagua ukuta," alisema, akaugonga kwa kisigino.

Justa alijifanya anakohoa, akatoka nje kucheka.

Mama Evelina aliingia na kanga yake ya jikoni, akazamisha mkono mfukoni. Cha kwanza kutoka kilikuwa kipande cha kashata. Cha pili, kashata nzima.

"Baba Evelina! Daktari alisema nini kuhusu sukari?"

"Mama, wageni..."

"Wageni wasikie! Nikikusemesha nyumbani unakwenda kuangalia kuku. Leo utakwenda wapi?"

Alimsema kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kisukuma, huku wageni wakitikisa vichwa kwa adabu. Ndipo akautoa ufunguo.

Justa alizungusha hendeli mizunguko arobaini, jasho likimtoka. Mzee akachomoka, akanyoosha koti, akawaongoza wageni chumba cha barafu kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni, dizeli ilipoletwa, Justa alibadilisha nyaya mbili, akawasha jenereta, akabonyeza. Bamba likarudi nyuma kama lilivyoagizwa. Alimwita Mzee aje aone.

"Nimeliona," Mzee Mashimba alijibu kutoka mlangoni. "Hapa hapa naliona vizuri kabisa."