Jezi ya Beki na Jino la Mtani

Usiku wa jana niliota kwamba anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kucheza beki juu ya barafu.

Mkuu mwenyewe alikuwa kocha, na kocha alikuwa friji. Nililitambua mara moja: friji letu la nyumbani Kisarawe, jeupe, lenye kutu mguuni, limesimama kando ya uwanja linanguruma. Ni lile linaloharibika kila mara, na kila likiharibika huja fundi Kulwa, akanywa chai yetu huku akiutukana ukoo wetu mzima.

Anayo haki hiyo. Kulwa ni Mnyamwezi wa Urambo, sisi ni Wazaramo, na baina yetu kuna utani wa tangu mababu. Mtani atakucheka mbele ya wageni, atakubebea kuku wako bila kuuliza, atalala njiani kuzuia jeneza la babu yako mpaka mumpe chochote. Nawe utamlipa vivyo hivyo siku yake. Ila hamuombani radhi.

"Mwamvua," friji likasema, "umesajiliwa. Mpira wa magongo wa barafuni. Beki wa kushoto."

"Mimi sijui kuteleza."

"Kuteleza kila mtu anajua. Kazi ni kusimama."

Nikavaa viatu vyenye visu chini ya nyayo. Nikapewa gongo refu, na jezi ya bluu yenye jina langu mgongoni. Friji likanionyesha darini. Kule juu zilitundikwa jezi za mabeki wa zamani, zimenyooshwa vizuri, zinapiga soga. Katikati palikuwa na msumari mtupu.

"Mimi ni wako," msumari ukaniambia. "Ukimaliza mechi yako ya mwisho uwanjani, jezi yako inakaa hapa milele. Usipoimaliza, nitatundikiwa kalenda."

Nikautamani ule msumari. Sijawahi kutamani kitu namna ile, hata diploma yangu sikuitamani hivyo.

Tunacheza. Kunakuja kitu cheusi cha mpira, cha duara, kinateleza kuelekea langoni kwetu.

"Naomba njia," kinasema.

"Hupati, kisahani."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita kisahani?"

"Nimekupa jina sasa hivi. Huko utokako walikuita vibaya."

Kikafikiri kidogo. "Zuri," kikakubali, kisha kikarudi nyuma ili kije kwa nguvu zaidi.

"Zuia kwa mguu!" kocha akanguruma.

Nikasikia la mkuu. Mguu ukakatika kwa adabu, kama chaki. Daktari wa timu akauzungushia plasta, akaniambia nirudi uwanjani nikishakunywa maji. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo tiba yenyewe. Akasema hapana, tiba yenyewe ni plasta, maji ni ukarimu. Mguu ulilalamika kidogo, kisha ukauliza tunaongoza au tunafungwa.

Miaka ikapita upande wa kulia, nikaiona. Uwanja ukageuka kuwa sebule yetu, na friji likanikalisha kwenye kochi.

"Tumekubadilisha," likasema. "Unahamia timu nyingine."

"Mmenibadilisha na nani?"

"Na beki mwingine na trei ya mayai."

"Trei nzima?"

"Nzima."

Nilijisikia vizuri kiasi. Nikafungua mlango wa jikoni, nikaingia kwenye timu mpya. Kocha alikuwa friji lile lile. Nikaliuliza limefikaje. Likasema nalo limebadilishwa, ila kwa bei ambayo lisingependa itajwe.

"Leo ni mechi yako ya mwisho," likaongeza. "Usituangushe."

Kipa wetu alikuwa jiko la mkaa. Kipa hodari sana, lakini kadiri alivyohangaika ndivyo lango letu la barafu lilivyoyeyuka. Nikajua lazima nisimame mbele yake mpaka mwisho.

Ndipo akaingia mshambuliaji wa wapinzani. Ovaroli la bluu, spana mfukoni, meno meupe kama ya tangazo. Kulwa.

"Ewe Mzaramo!" anapiga kelele. "Lango mmepewa mlilinde au mlichezee ngoma yenu ya mdundiko?"

"Na wewe Mnyamwezi, bado unatembea kutoka Urambo? Leo umebeba mzigo wa nani?"

"Wenu. Umejaa uvivu, ndiyo maana mzito!"

Anakuja na kisahani. Nami naenda. Tunakutana ukutani mwa uwanja, mbao zinalia, na kiwiko changu kinaingia kinywani mwake. Nusu ya jino lake la mbele inaruka, inatua kwenye barafu, inasema "Lahaula."

Kulwa anacheka mpaka anakaa chini. "Mtani kanipa dirisha!"

Lakini refa amepuliza filimbi. "Beki, kibandani! Dakika mbili."

Nikaingia kwenye kibanda cha adhabu, kidogo, chenye ukuta wa kioo. Na dakika mbili zikaletwa. Zilikuwa wanawake wawili wa makamo, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wamejifunga kanga za sare na wamebeba chupa ya chai.

"Sisi ndio dakika zako, mwanangu," akasema yule mnene. "Tukipita, unatoka."

"Shikamooni. Basi piteni."

"Tupite hata hatujakaa? Kwenu hamna adabu?"

Wakakaa. Wakamimina chai. Wakaanza kuzungumzia harusi ya mtu nisiyemjua, ambako pilau iliungua na bibi harusi hakuambiwa. Huko nje timu yangu imepungukiwa mtu mmoja. Jiko linadaka, linatoa cheche, nguzo ya lango inadondoka matone.

"Mwamvua!" friji linanguruma. "Mechi inaisha!"

"Naiona kalenda inaletwa," msumari unasema, bila ubaya.

"Mama zangu," nikawaambia, "nawasihi."

Dakika mwembamba akaweka kikombe chini. "Njia fupi ipo. Muombe radhi yule uliyemvunja jino. Neno moja tu, na sisi tunapita."

Mimi ni mtu wa maneno. Najua njia nyingi za kuomba radhi, nyingine zina vina na mizani. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limeshavaa viatu.

Kulwa akaja akasimama nje ya kioo. Hakuwa anacheka tena.

"Mwamvua," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Usiniombe radhi."

"Jezi yangu, Kulwa. Ona msumari ule."

"Nimeuona. Lakini ukiniomba radhi, mimi na wewe tutakuwa watu tu. Nitakuja kwenu, nitatengeneza friji, nitasema asanteni, nitaondoka. Mji huu sina ndugu hata mmoja. Usiponitukana wewe, nani atanitukana?"

Nikatazama juu. Jezi zote zilikuwa zimeinama, zinasikiliza. Nikamtazama Kulwa na dirisha lake.

"Mnyamwezi," nikasema, "jino lenyewe lilikuwa bovu. Nenda kashukuru."

Kulwa akacheka, na kicheko chake kikapasua barafu kutoka lango hadi lango. Dakika mnene akamimina kikombe cha pili, akasema kumbe leo tupo. Nguzo zikaanguka. Kisahani kikapita taratibu juu ya maji, kikanipungia mkono ambao hakikuwa nao. Darini, kalenda ikatundikwa. Ilikuwa ya mwaka juzi.

Kisha Kulwa akafungua kibanda, akanivua jezi. "Beki akistaafu ni msiba," akasema, "na msibani mtani hubeba anachotaka." Akaifunga kichwani kama kilemba. Mkononi mwangu akaweka kile kipande cha jino. "Nitunzie."

Nikaamka. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa imekaza. Nikasikia sauti ya mama kutoka jikoni.

"Mwamvua, amka! Friji limekufa tena, maji mpaka mlangoni. Fundi keshafika."

Nilimkuta Kulwa amepiga magoti nyuma ya friji, kikombe cha chai kimewekwa kwenye kisahani pembeni yake. Mkono mmoja ulikuwa na spana, mwingine ameuweka mdomoni.

"Una nini, fundi?" mama akamuuliza.

"Jiwe, mama. Kwenye ubwabwa wa jana usiku." Akautoa mkono. Jino la mbele lilikuwa limebaki nusu.

Akanitazama. Nami nikafungua ngumi juu ya kisahani chake. Kikadondoka kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kikalia *ti*. Kilikuwa bado cha baridi.

Mama akakitazama kile kipande, akautazama mdomo wa Kulwa, akanigeukia mimi.

"Wewe mtoto! Umemfanya nini mwenzio? Muombe radhi sasa hivi!"

Kulwa akaweka spana chini, akanisubiri.

"Siombi," nikasema. "Lilikuwa bovu."