Ndoo Isiyo na Nzi

Mama Kijiko alilisema neno lile mbele ya jiko zima, kwa hiyo sikupata pa kuchomokea.

"Chombo cha mabaki atachagua Pua," alisema. "Mzee wa bustani anataka maganda yetu kwa ajili ya mboji yake, na mimi sitaki jiko langu linuke. Pua atatuletea ndoo isiyotoa harufu. Nani mwingine ataweza?"

Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Mama Kijiko ndiye mkuu wa jiko la hospitali yetu. Jina hilo tunamwita akiwa hayupo, kwa sababu ya kijiko anachotembea nacho mfukoni kuonja kila sufuria. Langu naitwa hata nikiwepo. Naitwa Pua kwa kuwa kwa miaka kumi na sita nimesimama mlango wa nyuma kila asubuhi nikinusa kila kinachoshushwa: samaki, nyama, maziwa, mayai. Nikisema kibaya, gari linarudi nacho. Nikisema kizuri, naandika "nzuri" kwenye daftari, natia sahihi, na wagonjwa mia mbili wanakula.

Sasa sikia aibu yangu. Siku ile ya makofi, Jumatatu, nilikuwa na siku kumi na mbili sijanusa kitu. Nilipata mafua, mafua ya kawaida kabisa, ya kunywa chai ya moto na kujifunika shuka. Yakaisha. Jumatano nikarudi kazini, nikakata kitunguu, machozi yakatoka lakini harufu haikuja. Nikakisogeza mpaka kwenye tundu la pua. Nikanusa kitunguu saumu, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa viatu vyangu mwenyewe. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Jiko lile lina watu saba wa kumenya viazi, na wa nane hahitajiki. Basi nikaanza kukagua kwa ujanja. Nyama naibonyeza kwa kidole gumba nione kama inarudi. Samaki namkagua macho na matamvua. Maziwa naonja, ingawa hata ulimi ulikuwa umebaki na chumvi, sukari na uchachu tu. Kisha naandika "nzuri". Mchana kutwa nakuwa kama kuku anayetaka kutaga. Naingia wodini kwa kisingizio cha kukusanya sahani, natazama nani anashika tumbo. Niliogopa kupoteza kazi, sitaficha. Lakini zile sahani niliziogopa zaidi.

Na juu ya yote hayo, ndoo!

Kwenye duka la vyombo muuzaji alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa. Alinitolea ndoo ya bati yenye mfuniko unaokaa juu tu kama kofia. Akatoa ya plastiki yenye matundu kwenye mfuniko, na chini ya matundu kipande cheusi alichosema ni mkaa wa kunyonya harufu. Akatoa ya tatu, nyeupe, mfuniko wake una mpira na vishikio vinne vya kubana.

"Hii ukiibana, hata jini hatoki," alisema. "Nusa mwenyewe. Plastiki safi, hainuki."

Nikaingiza kichwa ndani ya ndoo, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa kama fundi. Ingekuwa ilibeba samaki waliooza ningetikisa vilevile. Nikasema nitazichukua zote tatu nikazijaribu nyumbani, nitakazoziacha nizirudishe. Alikubali, maana na yeye alikuwa amesikia habari za Pua.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitatumia pua ya mke wangu bila yeye kujua. Mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko hatua nne kutoka jikoni. Nikazipanga ndoo chini ya dirisha, kila moja nikaitia vitu vilevile: maganda ya viazi, majani ya kabeji, masalio ya chai, ganda la ndizi. Siku iliyofuata nikaanza kuchokoza.

"Hiyo ya katikati unaionaje?"

"Nzuri," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Inaendana na pazia."

"Siyo rangi. Hayo mengine."

"Mengine yapi?"

"Yaani... kwa jumla."

Akainua macho. "Mume wangu, unaniuliza habari za ndoo ya taka kama unaniuliza habari za mchumba. Kama inanuka si unuse? Kwani wewe ndiye nani?"

Nikaondoka nikisingizia choo. Tangu hapo nikaamua kuwategemea nzi. Nzi hana sababu ya kunidanganya. Kila nikitoka kazini nasimama mbele ya ndoo zangu, mikono nyuma, nahesabu. Ya bati ilikuwa na nzi kumi na moja siku ya pili, na siku ya tatu sikuweza tena kuhesabu. Ya mkaa ilikuwa na watano, wakitembea juu ya matundu bila haraka. Nyeupe haikuwa na hata mmoja. Nikawa naisogeza juani, naisogeza kivulini, naigeuza, narudi kutazama. Chakula nilikula nimesimama. Mke wangu alikuwa ananitazama, na hilo nalo likanikera, nikamwambia asinitazame.

Alhamisi alisimamisha cherehani.

"Keti," alisema.

"Nina kazi."

"Kazi ya kuhesabu nzi itakungoja. Keti." Nikakaa. "Tangu mafua yako nimeunguza wali mara mbili. Mara ya kwanza kwa bahati mbaya. Mara ya pili kwa makusudi. Ukala, ukasema asante. Wewe! Uliyenifanya nimwage mchuzi wa wageni kwa sababu ya karafuu moja! Nikasema moyoni, huyu ama amepata adabu uzeeni, ama hanusi. Na adabu sidhani."

Nikageukia dirisha, nikazitazama ndoo zangu.

"Itarudi," nikasema.

"Itarudi. Lakini gari la nyama linakuja kesho asubuhi, halitangoja irudi. Kamwambie mkubwa wako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Mficha maradhi..."

"Naijua!" nikamkatiza. "Kifo kitamuumbua."

"Kitamuumbua yeye," alisema. "Wewe unaficha ya kwako, kifo kiende kwa wenzako waliolala vitandani."

Nikakasirika. Mtu akikwambia kweli saa unayoikimbia, hasira huja mbele ya aibu. Nilimwambia ashone nguo zake aniache na pua yangu. Asubuhi nikaimwaga ndoo nyeupe, nikaiosha, nikaondoka nayo bila kuaga. Barabara nzima niliwaza namna ya kumwambia Mama Kijiko. Nilipofika, nilimwambia, "Nimeipata ndoo."

"Umeijaribu?"

"Siku tatu na zaidi. Hata nzi mmoja hakuisogelea."

"Ndiyo maana nakuamini," alisema, akaamuru ikae kati ya sinki na jiko kubwa. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikaenda mlango wa nyuma, nikapokea kuku, nikaandika "nzuri".

Tangu Ijumaa mpaka Jumatatu kila mtu alitupia maganda yake mle, akabana vishikio vinne kama alivyoagizwa. Jumatatu ilifika, ndoo imejaa, na mimi nilikuwa bado sijasema. Asubuhi nilijipa ahadi ya saa nne. Saa nne nikajipa ahadi ya baada ya chakula cha mchana. Chakula kikaisha, sufuria zikaanza kuoshwa, na Mzee wa bustani akaingia na toroli lake. Ni mtu wa kucheka kabla hajasalimia.

"Leteni dhahabu yangu!" alisema. Akashika mfuniko, akavuta, akashindwa. "Hii mmefungia taka au mmefungia mwizi?"

Nikaenda kumsaidia. Nikapiga magoti, nikafungua kishikio kimoja, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa kigumu, nikakisukuma kwa mpini wa kisu. Mfuniko ukaruka wenyewe na kishindo kidogo. Nikainama. Maganda yalikuwa yamelowa, yamelala kwenye maji ya rangi ya chai, na povu jembamba juu. Nikayakoroga kwa mwiko nione chini kukoje. Kwa macho yangu yalikuwa sawa kabisa, na nikajisikia fahari.

"Angalia, Mama," nikasema. "Hata nzi mmoja hayumo."

Nikainua kichwa. Jiko lilikuwa tupu. Wote walikuwa wamebanana mlangoni, aproni puani, na mmoja wa wamenya viazi alikuwa nje anatapika kwenye mfereji. Mzee wa bustani alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye toroli lake, na kicheko kilikuwa kimemwisha. Mimi peke yangu nilikuwa nimepiga magoti, uso wangu shibiri moja kutoka kwenye ule uozo, natabasamu.

"Mboji inataka kupumua," Mzee wa bustani alisema kupitia kiganja. "Ukiibana hivyo inachacha. Lakini wewe... husikii harufu hiyo?"

Mama Kijiko alitembea mpaka kwenye ndoo, akairudishia mfuniko kwa mguu, akanitazama. Niliona anaelewa. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza ukanionea huruma, halafu ukaacha.

"Njoo," alisema.

Nikamfuata kwenye chumba cha baridi. Akafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Siku mbili tatu, Mama."

Ndivyo nilivyosema. Hata pale, hata baada ya vile, ulimi ulikimbilia uongo kama mbuzi anavyokimbilia zizi lake.

Akaanza kunusa rafu ya juu. Maziwa, akayarudisha. Samaki, akamgeuza, akamrudisha. Kuku wa Ijumaa waliobaki. Jibini ya wagonjwa wasiotafuna. Kila chombo alikiinamia, anavuta pumzi, anarudisha, na mimi nimesimama nimejikumbatia, namtazama mabega, maana yalikuwa yananiambia kabla ya mdomo. Sawa. Sawa. Sawa. Nikaanza kupumua.

Kwenye trei ya nyama ya kusaga mabega yalisimama. Akanusa tena. Akaichukua, akaisogeza kwenye taa, akanusa mara ya tatu.

"Hii imeingia lini?"

"Leo asubuhi. Ni ya chakula cha jioni."

"Ungeiandika nini?"

"Nimeshaiandika, Mama," nikasema. "Nimeandika nzuri."

Akaiweka sakafuni, mbali na vingine. Hakupiga kelele, na ningetoa chochote apige kelele. Alikuwa anaangalia daftari langu lililoning'inia kwenye msumari kando ya mlango, kalamu imefungwa kwa kamba.

"Namshukuru Mungu ni siku mbili tatu tu," alisema.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Kulikuwa na mlango, na ningeweza kutoka na uongo wangu ukiwa mzima.

"Siyo siku mbili tatu," nikasema. "Ni kumi na tisa. Nilikudanganya sasa hivi."

Mama Kijiko akavuta kreti tupu, akakaa juu yake kama mtu aliyetembea mbali. Akalishusha daftari, akalifungua magotini, akarudisha kurasa nyuma, moja moja, mpaka ile ya Jumatano. Sahihi yangu ilikuwa chini ya kila ukurasa.

"Anza siku ya kwanza," alisema. "Ulipokea nini, na kililiwa wodi gani."

Nikaanza na samaki.