Meza Zilizofunikwa

Gari la umeme la Kichina lilikuwa limeinuliwa juu ya vichwa vyetu, na Bwana Nukta alisimama chini yake akilimulika kwa tochi, kimya. Kimya hicho ndicho kilichotutia wasiwasi. Siku gari lile lilipoletwa alilizunguka taratibu, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasema, "Sufuria." Tulicheka hadi wenzetu wa chumba cha rangi wakachungulia kuona kuna nini. Sasa tulikuwa tumelivua kifuniko cha chini, utumbo wake ukawa wazi, na mtani wetu mkuu alizidi kumulika tu.

"Hebu njoo, binti," aliniita hatimaye. "Macho yako bado mazima. Nionyeshe pameungwa wapi."

Nikatafuta. Katika gari letu sehemu ile ya nyuma ni vipande chungu nzima vilivyochomelewa, kila kipande na mashine yake, kila mashine na mtu wake, na kila mtu na nyumba inayomtegemea. Pale juu palikuwa na kipande kimoja tu, kimemiminwa katika kalibu kikatoka kizima. Nilipitisha vidole kutoka ukingo hadi ukingo.

"Sioni palipoungwa."

"Hapapo," alisema, akazima tochi.

Watu wa kiwandani walikiita chumba chetu machinjioni. Kampuni ilikuwa ikinunua gari la mshindani, tunalifungua hadi skrubu ya mwisho, tunapanga viungo vyake mezani na kuvipima, ili tujue mwenzetu kafika wapi. Kiwanda kiliunda magari ya Kijerumani, na jina hilo peke yake lilikuwa heshima mtaani. Ukisema unafanya kazi pale, mwenye nyumba hakuulizi swali la pili. Bwana Nukta alisomea Ujerumani ujanani. Alirudi na digrii, kikombe cha kahawa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukishika, na chuki dhidi ya maneno "karibu sawa". Ukimwambia kitu kiko karibu sawa, anakuuliza: "Sifuri nukta ngapi?" Ndipo jina lilipotoka.

Baba yangu alikuwa mstari wa injini. Alifunga pistoni tangu kabla sijazaliwa, na mikono yake ilinukia mafuta hata siku za mapumziko. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba ana mke mwenza asiyezeeka, maana anapakwa mafuta kila siku. Niliwahi kuitazama injini ile ikikatwa katikati kwa ajili ya maonyesho, kila kitu mahali pake, chuma kinang'aa kama maji yaliyotulia, na nikaelewa kwa nini mama alikuwa na wivu nusu wa kweli. Ilikuwa injini nzuri. Hilo nalisema hadi leo bila kupepesa.

Basi tukaendelea kuchinja. Kila tulichofungua kilitunyang'anya tabasamu. Nyaya zetu zilizunguka gari zima kama utumbo wa ng'ombe. Zao zilikuwa fupi, zimekwenda moja kwa moja zinakotakiwa. Mota, gia na kifaa cha kuongoza umeme vilikaa ndani ya sanduku moja ambalo wanaume wawili waliweza kulibeba. Betri yenyewe ndiyo ilikuwa sakafu ya gari. Wiki zilivyosonga, Bwana Nukta aliacha kukitumia kikombe chake. Kilikaa dirishani na kahawa iliyoganda.

"Gari kama hili wanalichora na kulitoa barabarani," aliniambia mchana mmoja, "sisi tukiwa bado tunasubiri sahihi za kubadilisha kishikio cha mlango."

Makosa yalikuwapo, usidhani. Rangi nyembamba chini ya zulia. Kibati cha kushikilia nyaya kilichopinda kwa kidole. Mshono mmoja wa kuchomelea wenye chembechembe mithili ya mkate uliomwagikiwa mchanga. Tuliyakusanya yote.

Wakati huohuo kampuni ilikuwa imetangaza mafunzo ya betri katika jengo jipya. Aliyetaka kutoka mstari wa injini alipaswa kujiandikisha. Nafasi zilikuwa chache. Uvumi ukaanza kutembea, mafundi wakawa wananong'ona chooni. Ndipo mkurugenzi akashuka machinjioni, suti yake imefunikwa koti jeupe la wageni.

"Watu wanaogopa," alisema. "Wakikimbilia mafunzo mafundi wote wazoefu, oda zilizopo atazimaliza nani? Waonyesheni makosa ya gari hili. Wajue sisi ni nani."

"Makosa yanaenea kwenye meza moja," Bwana Nukta alimjibu.

"Meza moja inatosha."

"Na hizo nyingine?"

Mkurugenzi alizitazama, safu nzima hadi ukutani. "Zifunikeni."

Siku ya maonyesho wafanyakazi walipita kwa makundi. Meza ya makosa iliwekwa mlangoni, chini ya taa kali. Nyingine zilikuwa nyuma, chini ya mashuka meupe, na Bwana Nukta amesimama mbele yake, mikono nyuma. Baba alikuja na wenzake wa mstari. Alikiokota kile kibati, akakipinda, akakipindua, akakiinua wote wakione.

"Jamani, hiki si mkebe wa maziwa?"

Vicheko vikalipuka. Vilikuwa vicheko vya watu waliokuwa wameshikilia pumzi kwa muda mrefu.

"Hicho ni cha kushikilia waya tu, mzee," Bwana Nukta alisema kwa sauti ndogo.

"Na zile zilizofunikwa?" baba aliuliza.

"Bado zinapimwa," msimamizi aliyeongoza makundi akadakia.

Baba alimtazama Bwana Nukta. Bwana Nukta akaitazama sakafu. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyepewa jibu, akatoka anapiga mluzi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa wazazi wangu moja kwa moja kutoka kazini. Baba alikuwa ameoga, amevaa fulana safi, na simulizi ya mkebe wa maziwa ilishamfikia mama na jirani wa pili.

"Baba, jiandikishe mafunzo ya betri," nilisema. "Kesho ndiyo mwisho."

"Nikajifunze nini? Kubadilisha betri kama za redio?"

"Gari lile ni zuri."

"Nimeliona kwa macho yangu."

"Umeona meza moja. Hizo nyingine nilizipanga mimi. Hakuna cha kuchekesha chini ya yale mashuka, baba. Hakuna hata kimoja."

Alikunja uso, si kwa hasira bado, kwa hesabu. "Bwana Nukta anajua hayo?"

"Anajua kuliko mimi."

"Basi angeniambia. Yule tumekula naye chumvi, mwanangu. Yule hajawahi kunidanganya hata kwa unene wa unywele."

Mama alikuwa akipakua, na mwiko wake ulisimama juu ya sahani. Baba aliinamisha kichwa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo sijawahi kuisikia.

"Na ikiwa kweli, unataka nifanyeje? Nisimame mbele ya watu niseme kwamba miaka yote hii nimekuwa nikifunga kitu ambacho dunia inaweza kuishi bila kuwa nacho?"

"Nataka ujiandikishe tu."

"Ni kitu kilekile."

"Chakula kinapoa," mama alisema.

Asubuhi nilimfuata Bwana Nukta kabla hajavaa koti. Nilimwomba aende mstari wa injini akaseme na baba, maneno mawili tu, maana yeye angemsikia. Alivaa koti lake taratibu, akafunga kifungo kimoja kimoja.

"Nikimwambia yeye nimewaambia wote. Mstari utasimama leo badala ya mwakani."

"Na mwakani ukisimama, wao wataenda wapi?"

Alicheka bila sauti. "Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi hatujakubali, mama. Tumefunika."

Hakwenda. Nilipita mstari wa injini wakati wa mapumziko, na baba alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Alinipungia mkono kwa mbali kama tunavyowapungia watu ambao hatutaki wasogee.

Mwaka haukuisha. Tangazo lilibandikwa getini, na waliofika zamu ya asubuhi walilisoma wakiwa na vyombo vyao vya chakula mkononi. Mashine za injini ziliuzwa, nyingine zikakatwa kwa uzito. Baba alirudi nyumbani na spana moja mfukoni ambayo hakujua kwamba ameichukua, akaiweka juu ya kabati, na haikuguswa na mtu.

Kwa muda mrefu nilijipa faraja mbaya: kwamba laiti angenisikiliza, angeokoka. Hata hiyo nikanyang'anywa. Waliokwenda mafunzo walifanya kazi kidogo tu katika lile jengo jipya, kisha betri zikaanza kuja zimeshaundwa tayari, kutoka hukohuko zilikotoka zile nyaya fupi, na jengo likafungwa, nao wakaachishwa kazi. Ukweli wangu ungemhamisha baba kutoka jeneza moja hadi jingine. Bwana Nukta nilimwona mara moja sokoni, anachagua vitunguu. Naye aliniona. Alishika kitunguu akakitazama mpaka nikapita.

Mimi sasa nakagua magari ya Kichina yanaposhushwa, kabla hayajapelekwa madukani. Ni kazi nyepesi. Kila mwaka natafuta zaidi, na kila mwaka naandika makosa machache zaidi.

Juzi nilimpeleka baba kliniki ya macho. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli basi. Tuliita gari la kukodi. Lilikuwa la Kichina, kama yalivyo karibu yote siku hizi, na dereva wake mwanamke mchangamfu aliyemshika baba mkono hadi kwenye kiti cha mbele, akamfungia mkanda. Mimi nilikaa nyuma. Baba aliweka mikono magotini akangoja kwa adabu, uso mbele.

Baada ya muda alikohoa.

"Dada, mbona huwashi? Daktari atatufungia."

Dereva alinitupia jicho kwenye kioo. Nje maduka yalikuwa yakipita, na nguzo za taa, na ukuta mrefu wa shule.

"Tumeshaondoka zamani, mzee," alimjibu kwa upole.

Baba alinyoosha mkono gizani mwake hadi ukagusa dashibodi. Akakibandika kiganja pale, akasikiliza kwa ngozi.

"Kumbe," alisema, na hakukiondoa kiganja mpaka tulipofika.