Sikio la Mwalimu Ruwa

Mwalimu Ruwa wa kwaya ya Magogoni alikuwa na sikio ambalo hata mbwa angeliomba kuliazima. Watu arobaini wakiimba kwa pamoja, yeye amefumba macho, angenyoosha kidole safu ya tatu na kusema, "Roseline, tema pipi." Na Roseline angeitema. Mkewe, Dorcas, alikuwa ameishi na sikio hilo miaka thelathini na miwili, akajifunza hata kujikuna kwa adabu.

Kwa hiyo mwana wao Karisa aliposema atamwambia baba yake ukweli kwa muziki, Dorcas alidhani atatunga wimbo wa kawaida, wenye kiitikio na amina. Kumbe mwenzake ana bendi. Iliitwa Kutu. Nduku alipiga gitaa, karani wa Changamwe mwenye vidole vyembamba na hasira nene. Jacktone, fundi wa kuchomelea vyuma, alipiga ngoma kama anayezidai roho. Karisa aliimba, kama kule ni kuimba. Muziki huo wenyewe waliuita hadikoo ya metali: magitaa yanakereza kama msumeno uliokutana na msumari, na katikati mtu ananguruma kama aliyemezwa na chui, akawa anabishana naye kutoka tumboni.

"Hayo maneno atayasikia nani?" Dorcas aliuliza siku aliyomsikia akijaribu sauti jikoni.

"Baba atasikia. Si husikia mpaka pipi?"

Ukweli wenyewe ulikuwa na jina, na jina hilo halikutajwa nyumbani mle kwa miaka sita. Cindy, dadake Karisa, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya baba yake. Alipopata mimba bila mume, Mwalimu alimtoa kwanza kwenye kwaya, kisha nyumbani, kwa utaratibu uleule wa kufuta jina daftarini. Miezi ikapita. Jioni moja akarudi, uchungu umemshika, akabisha mlango. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu. Dorcas akainuka.

"Kaa chini, Dorcas."

Akakaa. Mlango ulibishwa, ukabishwa, ukanyamaza. Siku mbili baadaye msichana na mtoto wake walikuwa maiti, na Mwalimu akakataa katakata wazikwe Kaloleni kwa wazee wake. Walizikwa makaburi ya umma, juu yao kibati chenye namba: 212.

Karisa alitaka kitu kimoja tu: baba yake asikie, akiri, amtaje marehemu kwa jina. Dorcas alitaka hichohicho. Ila yeye hakuwa na bendi.

Walirekodi ndani ya kontena tupu huko Miritini, kwenye yadi ambako mjomba wa Jacktone alikuwa mlinzi, kila Jumapili asubuhi malori yakiwa yamepumzika. Jua likipanda, mle ndani ungeweza kuoka mkate. Tena vyuma vilirudisha sauti vibaya. Wakabandika trei za mayai, bado. Nduku akasema hapa patakubali godoro tu.

Dorcas akaenda chumbani, akachomoa chini ya godoro la kulalia godoro jingine, jembamba, la maua ya bluu. Lilikuwa la Cindy, na Mwalimu aliwahi kuamuru litupwe. Miaka sita mzee amelilalia bila kujua. Sikio alipewa, mgongo alinyimwa. Usiku wa kwanza lilipoondoka, alisema kitanda leo kimekaa vizuri.

Karisa alilitambua mara tu lilipofunguliwa kamba. Alilipigilia misumari ukutani, akawa anaimba akilitazama.

Maneno aliyaandika nyuma ya karatasi za kwaya. Wimbo wa saba Dorcas aliusoma akichambua mchicha:

Jumanne jioni alibisha,
ufunguo mfukoni,
mama akakaa chini.

"Na mimi umenitia?"

"Nikutoe, Mama?"

Dorcas akashika jani lenye mdudu, akalitazama sana, akalitupa. "Niache humohumo. Nilikaa kweli."

Albamu ikaitwa 212, ikazinduliwa Jumamosi saa kumi, ukumbi wa Changamwe. Mwalimu alikuja na suti. Alikuwa mtu wa kupenda mialiko. Alikaa kiti cha mbele kabisa, mkewe kushoto, Roseline kulia. Bendi ilipoanza, vijana wakafanya duara, wakaanza kugongana mabega na kusukumana.

"Dorcas," Roseline alinong'ona kwa kupiga kelele, "mbona wanapigana?"

"Hawapigani. Wanasikiliza."

"Na mwanao anaumwa wapi?"

"We tema pipi, Roseline."

Wimbo wa saba ulipofika, Karisa alishuka jukwaani, akapiga magoti hatua mbili mbele ya baba yake, akamngurumia usoni, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kuanikia nguo. Dorcas hakumtazama mwanawe. Alitazama kidole cha mumewe, kilichokuwa kikihesabu mapigo juu ya goti. Katikati ya wimbo kidole kilisimama. Kisha kikaendelea.

Mwishoni Mwalimu aliombwa aseme machache. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Wanangu, mimi mzee. Sikuambulia hata neno moja. Lakini huyu kijana ana pumzi, na hiyo pumzi kairithi kwangu!"

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Karisa naye akapiga, taratibu, akitazama sakafu.

Kwingineko albamu ilipokewa vizuri kuliko walivyotarajia, na hilo ndilo lililomtia Karisa uchungu zaidi. Redio moja ya Pwani ilipiga simu kuuliza kama faili limeharibika, lakini ng'ambo waliipenda. Mmoja aliandika kwamba hajapata kusikia ghadhabu safi namna ile, akauliza ni ya miungu gani. Kijana wa Ujerumani alijichora 212 shingoni kwa wino usiotoka, akatuma picha, amecheka meno yote.

"Mjerumani ana namba ya kaburi la dadangu shingoni," Karisa akamwambia mama yake, "na baba yangu hana habari. Nimepoteza miaka miwili, Mama. Nimepigia kelele kisiki."

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio la Mwalimu lilikuwa zima, na Dorcas alikuwa amekiona kile kidole.

Akangoja. Siku kumi na moja. Jioni ya kumi na moja Mwalimu alikuwa mezani akiandika nota za kwaya, do-re-mi zake zimepangwa kama askari. Bila kuinua kichwa akasema, "Ule wimbo wa saba."

Dorcas aliacha kukuna nazi. Moyo wake ulikwenda mbio kama wa msichana aliyesikia posa. "Naam, Baba Karisa?"

"Mwambie mwanao ilikuwa Jumatano. Jumanne tulikuwa na mazoezi ya Pasaka, mimi nilirudi saa tatu. Mtu asiimbe jambo asilolihakiki."

Akageuza karatasi, akaendelea kuandika.

Miaka sita Dorcas alingoja jina. Akapewa siku ya juma. Akairudia ile mbuzi ya kukunia, akaikuna nazi mpaka kifuu, na kifuu nacho akakikuna.

Asubuhi alivuka mji kwenda Miritini, akamkuta Karisa ameketi mlangoni pa kontena. Akampa habari kama alivyopewa, bila kuongeza chumvi.

"Kwa hiyo alisikia," Karisa akasema.

"Alisikia yote."

"Na pale mlangoni? Na Cindy?"

"Jumatano. Hilo ndilo alilonituma."

Karisa alicheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyejipiga nyundo kidoleni. "Basi Jumatano nitampa," akasema.

Mwezi uliofuata Kutu walipiga tena ukumbi uleule. Mwalimu akaja na suti ileile, maana sasa watu walimwita baba wa msanii, na hilo lilimkaa kama kofia. Wimbo wa saba ukaanza. Karisa hakushuka jukwaani safari hii. Alisimama pale pale, akanguruma: Jumatano jioni alibisha.

Na Mwalimu, amefumba macho, akatikisa kichwa kidogo kukubali, mara moja tu, kama afanyavyo kwaya inapokosea leo na kesho ikapatia.

Dorcas aliiona ile ridhaa. Akainuka.

"Kaa chini, Dorcas," Mwalimu akasema, hakufumbua hata macho.

Hakukaa. Hakuwa na la kusema wala pa kwenda. Alikuwa mama mzima wa kitenge, amesimama wima katikati ya safu ya mbele, amechelewa miaka sita. Nyuma vijana wakaanza kulalamika, "Mama, kaa bwana, hatuoni!" Wimbo ulikuwa wa dakika mbili na nusu. Alizisimama zote.